Mwaka wa Kusaka Makopo

Jumamosi iliyopita Fartun alitualika kwake mtaa wa Kiwanjani kwa chakula cha mchana, kwa sababu Mwenda alikuwa amekuja kutoka Nairobi na hakuna aliyejua atapita tena lini. Tulikaa wanne kwenye mkeka kama tulivyokuwa tukikaa zamani: Mwenda, ambaye siku hizi ana kipara na daktari amemkataza chumvi, Ekiru, aliyekuwa na mbio kuliko kijana yeyote mjini na sasa ni mfugaji kule Oldonyiro, goti lake moja halikunjiki, Fartun mwenyewe, mwenye duka la vitambaa, na mimi, Kabale, ninayeuza dawa za mifugo. Sinia lilikuwa moja. Wali, nyama ya mbuzi, ndizi za kulia pamoja na wali, na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia ambayo Mwenda aliinusa kabla ya kuinywa, vile vile alivyofanya akiwa kijana. Watoto wa Fartun waliingia na kutoka. Mkubwa wao aliuliza tulijuana vipi, maana hatufanani kwa lolote, na Mwenda akafuta vidole akaanza kusimulia mwaka wa makopo. Alisimulia vizuri, Mwenda ana mdomo. Alipofika kwangu akanielekezea mfupa aliokuwa ameushika. “Huyu hapa,” akasema, “jina la Kiborana, sura ya Kiborana. Tukasema basi, wa kuongea na wazee tumempata. Tukamsukuma mbele. Kumbe anajua neno moja.” Ekiru akalitaja neno lenyewe, “Nagaa,” na wote wakacheka, watoto pia. Nami nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuwapita, nikachukua kipande cha ndizi ambacho sikukitaka, na masikio yangu yakawa moto kama siku ile ile.

Hawana nia mbaya, na sijawahi kuwaambia wanyamaze. Kwao ni hadithi ya ujana, kama ile ya Ekiru kukimbizwa na mbuni. Kila tunapokutana lazima itolewe, na kila inapotolewa huwa fupi zaidi, mpaka sasa imebaki jina, sura na neno moja. Yaliyokatwa ndiyo ninayotaka kuyaandika, kabla nami sijazoea kuisimulia kwa ufupi ule.

Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne. Matokeo yalikuwa yametoka, hayakuwa mabaya wala hayakuwa ya kumpeleka mtu popote, na tulikuwa tukizunguka mji kutwa kama watu waliopoteza kitu wasichokumbuka ni nini. Ndipo Madam Nduta alipokuja. Alikuwa ameletwa na mradi wa maji kuchora ramani ya visima vya wafugaji, akapanga chumba mtaa wa Wabera nyuma ya duka la unga, ng'ambo ya barabara kutoka msikitini. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba nilivyolala mwenyewe. Kitanda cha chuma chenye neti iliyofungwa fundo, jiko la makaa mlangoni, pazia la maua lililogawanya chumba na pahali pa kuwekea sufuria na mtungi wa maji, na ubao mdogo mweusi aliouomba shule fulani, umeegemezwa ukutani juu ya meza. Unga ulipenya kutoka dukani, ukatua juu ya kila kitu. Mezani vilikaa vifaa viwili vya GPS, vya manjano, vikubwa kama simu za zamani. Hatukuwa tumewahi kuviona. Ekiru alipopewa kimoja mkononi kwa mara ya kwanza alikiweka sikioni.

Nduta hakuwa amezidi miaka ishirini na sita, na nafikiri alikuwa mpweke, ingawa wakati ule sikujua kwamba mtu mwenye mshahara anaweza kuwa mpweke. Kila Jumamosi alituita, vijana wanane kutoka mitaa mbalimbali, akatufundisha mchezo aliocheza chuoni. Mtu anaficha kopo mahali, anapima mahali hapo kwa GPS, kisha anawapa wengine namba na wao wanalitafuta. Ndani ya kopo hamna cha maana, labda peremende na karatasi ya kuandika jina lako kwamba ulifika. Wakati mwingine hupewi namba zote. Unapewa fumbo, na jibu la fumbo ndilo namba zinazokosekana. Tulisaka makopo ya mafuta ya kupikia kwenye nyua za miiba, nyuma ya soko la mifugo, chini ya mawe ya mto uliokauka. Watu walituona tumeinamia mawe na kifaa cha manjano, wakaeneza habari kwamba tunatafuta dhahabu. Jioni tulirudi chumbani kwake tukala maharagwe na chapati, vikombe vinne kwa watu tisa, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata darasani. Kisha akatuambia kwamba mradi umemruhusu kuchukua wasaidizi wanne kwa msimu wote wa kiangazi. Tutagawanywa makundi mawili ya wanne, na kundi litakalofikia kopo lake la mwisho kwanza ndilo litakaloajiriwa. Mchezo ukaisha hapo hapo. Mwenda, ambaye kila mara alikuwa na mzaha, hakula.

Kila kundi lilipewa fumbo lake. Letu Nduta aliliandika ubaoni: majina yetu manne yakishuka upande wa kushoto, na juu kazi nne za kisimani, ambazo ni kutembea na GPS, kupiga hesabu, kuchora ramani na kuuliza wenyeji. Mbele ya kila jina, chini ya kila kazi, dakika ambazo mtu huyo angechukua kuifanya. “Kila mtu kazi moja,” akasema. “Kila kazi mtu mmoja. Nataka mpange jumla iwe ndogo kabisa. Jumla hiyo ndiyo namba mbili za mwisho za kopo lenu.” Dakika hazikuwa za kubuni. Kumbe Jumamosi zote zile alikuwa akitupima kwa saa yake bila kutuambia. Niliutazama mstari wangu. Kutembea, nilikuwa wa mwisho. Hesabu, wa mwisho. Kuchora ramani, thelathini, pale ambapo Fartun alikuwa na nane. Nilihisi kama nimevuliwa viatu mbele za watu na soksi zina matundu. Walitazama pembeni kwa heshima, na heshima ile ilikuwa mbaya kuliko kucheka. Lakini chini ya kuuliza wenyeji, mbele ya jina langu, palikuwa na sita. Mwenda na Ekiru walikuwa na arobaini na kitu. Fartun peke yake ndiye aliyenipita, kwa dakika moja, kwa sababu mama yake alinunua maziwa kwa akina mama wa Kiborana na yeye alikulia katikati ya mitungi yao.

Nilijua sita ile si yangu. Kuuliza wenyeji hatukuwa tumewahi kupimwa, kwa hiyo safu ile Nduta aliijaza kwa kukisia, na mimi alinikisia kwa jina. Nikasema, “Madam, hiyo sita si yangu. Kiborana sijui.” Akageuka na chaki mkononi. “Kabale, wacha kujidharau. Baba yako si Mborana?” “Ndiyo.” “Mnaishi naye?” “Ndiyo.” “Basi.” Alisema kwa wema kabisa, vile unavyomwambia mtoto kwamba nguo inampendeza. Ningeweza kuendelea. Ningeweza kusema kwamba nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka usiku, na kwamba baba alitumia lugha yake kwenye simu tu, akiwa amesimama nje ya ukuta, na mimi niliisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Lakini kusema hivyo mbele ya Fartun, aliyekuwa Msomali na akaijua lugha ya baba yangu, na mbele ya Ekiru aliyekuwa akiimba Kiturukana akitembea, kulinishinda. Nilikuwa nimesema mara moja.

Tulipiga hesabu kwa namna ambayo mtu yeyote angepiga. Kila kazi tulimpa aliyeiweza zaidi. Ekiru atembee, hakuna ubishi. Mwenda hesabu. Fartun aulize, kwa sababu yeye ndiye mwenye dakika chache. Mimi nikabaki na iliyobaki, ramani, thelathini zangu. Jumla ikaja hamsini na mbili. Tukaweka namba kwenye kifaa, tukakifuata mbio mpaka Kiwanjani, kikatuingiza katikati ya ua wa mama mmoja aliyekuwa akifua nguo. Ekiru alikuwa ameshaanza kuinua beseni. “Mnatafuta nini kwa boma yangu?” mama akauliza. “Kopo, mama,” Fartun akamjibu. “Kopo gani? Makopo yangu nayajua yote.” Tukaomba radhi, tukatoka. Mwenda akachuchumaa barabarani, akachora jedwali upya mavumbini kwa kijiti, akalitazama kwa muda mrefu huku bodaboda zikilipita pembeni. Kisha akasema, “Fartun, wewe ndiye unatuharibia.” “Naharibu aje, na mimi ndiye wa kwanza?” “Ndiyo hivyo. Wewe ni wa kwanza kwa kuuliza, lakini Kabale yuko karibu na wewe, anachelewa dakika moja tu. Kwa ramani anachelewa sana. Wewe uchore, yeye aulize. Tunapoteza dakika moja huku, tunaokoa ishirini na mbili kule.” Jumla ikawa thelathini na moja. Fartun alilitazama vumbi, akacheka, akakubali. Namna hesabu ile ilivyokuwa nzuri! Mtu anayeiweza kazi kuliko wote si lazima aifanye yeye. Sikuwahi kukutana na wazo kama lile, na lilikuwa limenichagua mimi. Kopo tulilikuta chini ya birika bovu la kunyweshea mifugo, kundi lile lingine likiwa bado linabishana sokoni. Mwenda alinikumbatia. “Umetuokoa,” akasema, na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda wa kutembea kutoka pale birikani mpaka Wabera, niliamini labda ile sita ni ya kweli, kwamba lugha imo ndani yangu mahali fulani na ikihitajika itatoka.

Kazi ilianza wiki iliyofuata, na Nduta akatupanga vile vile kama jedwali lilivyosema. Kisima cha kwanza kilikuwa nje ya mji, mbele ya Kiwanjani, karibu na boma la bibi mmoja aliyeitwa Akko Darmi. Akko ni bibi, kwa Kiborana. Ekiru alichukua GPS akaenda. Fartun alifungua karatasi zake juu ya boneti ya gari. Mimi nikasukumwa mbele, kwenye kivuli cha nyumba, ambapo Akko Darmi alikuwa ameketi na wanaume wawili wazima na akina mama kama sita na watoto wasiohesabika. Nikasema nagaa, yaani amani, nikataja jina langu. Wakaitikia wote pamoja, nyuso zimekunjuka. Walikuwa wametarajia wageni wa mradi, wakaletewa binti wa kwao. Akko Darmi akaanza kuuliza. Sauti yake ilipanda, ikatua, ikasubiri. Nikasema nagaa tena. Akauliza kwa namna nyingine, polepole, akisogeza kichwa. Nilimsikia akitaja jina langu, na nikasikia kitu ambacho huenda kilikuwa jina la baba, na yaliyobaki yalinipita kama maji. Lugha haikutoka. Hakuna kilichokuwamo. Nikasema kwa Kiswahili, “Akko, samahani, sielewi.”

Hakukuwa na kelele. Mmoja wa wale wanaume, mrefu, mwenye kofia ya kufumwa, alinitazama kutoka kwenye viatu kupanda juu. “Jina ni letu,” akasema kwa Kiswahili safi, ili nielewe. “Mwenye jina ndiye sijui ni wa nani.” Akina mama wakacheka, wakafunika midomo kwa mitandio. Mtoto mmoja akaniiga, “sielewi, sielewi,” na wenzake wakalidaka neno wakakimbia nalo kuzunguka nyumba. Niliona viatu vya Fartun vikija kando ya vyangu. “Niongee?” akaninong'oneza. Nikainamisha kichwa. Akaongea. Alikaa chini bila kualikwa, akauliza watu, mifugo, mvua, akawachekesha, na ndani ya muda mfupi Akko Darmi alikuwa amemshika mkono akimweleza mwaka kisima kilipokauka na mwaka kilipofukuliwa tena. Mimi nilirudi garini nikaichukua karatasi yake, kwa kuwa mtu lazima achore. Nilichora kisima upande usio wake wa mto. Ekiru aliporudi aliitazama, akakifuta kwa kidole kilichotiwa mate na kukihamisha.

Jioni ile Nduta alinituma maziwa dukani. Niliporudi nilipitia mlango wa nyuma, nikawa upande wa sufuria, na pazia lilikuwa limeshushwa. Mwenda alikuwa akiongea kwa sauti ya chini, ya mtu anayefanya kazi. “Nimejaribu kila njia, Madam. Nikimweka kwa GPS, tunachelewa. Nikimweka kwa hesabu ndiyo mbaya kabisa. Popote nikimweka, yule anayeondolewa hapati pahali pazuri.” Chaki ilisikika ikigonga. “Lakini wametukubalia wanne,” Nduta akasema. “Siwezi kumwambia aende nyumbani. Ni mimi nilikosea. Aliniambia.” “Basi apike,” Mwenda akasema. “Fartun anaweza kuuliza na kuchora, mimi namsaidia. Yeye apike na alinde vitu. Huko hakuna dakika.” Hakusema kwa ubaya. Ndicho kilichoniumiza. Kama angekuwa ananidharau ningemchukia na mambo yangekwisha, lakini alikuwa akinitafutia nafasi kwa bidii, kama mtu anayejaribu kuingiza kiti kwenye chumba kilichojaa. Nilisimama na maziwa mkononi mpaka mfuko ukaanza kudondosha matone. Kisha nikakohoa, nikavuta pazia, nikauliza kama chai iwekwe tangawizi. Ubaoni jina langu lilikuwa bado liko, lakini namba zilizolifuata zilikuwa zimefutwa, na chaki imeacha wingu jeupe.

Nikapika. Msimu mzima, kisima baada ya kisima, nilipika maharagwe, ugali na chai chini ya kivuli cha gari, nikasikia wenzangu wakiitana kwa mbali. Boma la Akko Darmi tulilitumia kama kituo, kwa hiyo nilikuwa pale karibu kila siku, nikiosha sufuria mbele ya watu walionicheka. Siku ya tatu au ya nne bibi yule alikuja akajikalisha kwenye jerikeni langu la maji. Watu wakisikia habari hii hudhani alikuwa bibi mpole aliyenihurumia. Hapana. Alikuwa mkali, mpenda sukari, na alichoka kukaa bila la kufanya. Alinyoosha fimbo akagusa sufuria, akasema neno. Nikalirudia. Akacheka mpaka akakohoa, akawaita jirani zake, akanifanya nilirudie mbele yao. Kisha akagusa moto. Kisha maji, bisan, neno ambalo kumbe nililijua bila kujua kwamba nalijua, na nilipolisema kabla yake alikasirika kidogo. Malipo yake yalikuwa chai yenye vijiko vitano vya sukari. Kila mchana ilikuwa hivyo. Alinikosoa kwa kunigonga goti. Watoto waliketi mstari kunisubiri nikosee, na nilikosea kila sentensi. Mara moja nilitaka kumwambia mwanamume yule mrefu kwamba chai iko tayari, nikamwambia kitu kingine ambacho mpaka leo hawajakubali kunitafsiria, na walikaa chini kwa kucheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nikijifunza kuongea kama mtoto wa miaka miwili, nikiwa na masizi mikononi, na kila jioni nilirudi Wabera nimeapa kwamba kesho nitapika tu, nisifungue mdomo. Kesho yake bibi akija na fimbo, nilifungua mdomo.

Sikumwambia mtu nyumbani. Nilikuwa nikimwekea baba. Kiangazi kilipokaribia kuisha nilikuwa na salamu ya asubuhi yote, ile ndefu inayouliza mtu alivyolala, watu wake walivyolala, mifugo yake ilivyolala, na Akko Darmi alikuwa ameipitisha bila kunigonga goti. Asubuhi moja nilimpelekea baba chai kwenye benchi la nje, nikasimama mbele yake vile nilivyofundishwa, nikamsalimu. Nilifika mpaka kwenye mifugo, na sisi hatukuwa hata na kuku. Baba alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha chini taratibu, akakitazama. “Mimi niko sawa,” akasema kwa Kiswahili. “Hii chai imepoa.” Haikuwa imepoa, mvuke ulikuwa ukipanda. Akainuka akatoka nje ya geti bila kofia, na baba hakuwa mtu wa kutoka bila kofia. Nilimwaga ile chai kwenye mchanga. Nilielewa kwamba Kiborana changu kilimtia aibu, kwamba alisikia ndani yake yale yale waliyoyasikia watu wa boma, na kwamba yeye, tofauti nao, hakuweza hata kucheka. Sikumsemesha tena kwa lugha hiyo. Kwa wengine niliendelea. Nduta alipomaliza ramani yake na kuondoka, nilikuwa naweza kununua mbuzi. Leo dukani naongea na wafugaji kutwa nzima juu ya kupe na minyoo, kwa lafudhi ambayo bado humfanya mgeni aulize mimi ni wa wapi. Lakini kila baba alipoingia dukani nilibadilisha lugha katikati ya sentensi. Wateja walizoea. Karibu miaka ishirini.

Sasa baba anaishi kwangu. Tangu mwaka jana amekuwa akisahau, kwanza mahali alipoweka vitu, kisha watu, na miezi hii ya karibuni Kiswahili chenyewe kimemtoka, kimebaki kile alichozaliwa nacho. Kwa hiyo nalazimika. Namuuliza kama ana njaa, kama mguu unauma, maneno mafupi ya kazi, na yeye hunijibu bila kunitazama sana. Wenzangu sikuwaambia haya siku ya Jumamosi. Fartun alinifungia wali na nyama nimpelekee mzee, nikarudi Wabera jua likiwa bado juu, nikamkuta amekaa kitandani amevaa kofia yake. Akanitazama, akajiweka sawa kama mtu anayepokea mgeni. Akanisalimu salamu nzima. Nikamwitikia. Akauliza mimi ni binti wa nani, nami nikashindwa kumjibu, nikasema ni wa hapa hapa mjini.

“Vizuri,” akasema. Tulikuwa tukiongea Kiborana. “Kaa. Binti yangu atakuja sasa hivi, yuko kazini. Akija, ongea naye Kiswahili. Lugha yetu haijui. Si kosa lake, mimi sikumpa. Nilipokuwa kijana ulimi huu ulitusimamisha kwenye kila kizuizi cha polisi barabarani, nikasema wangu apite tu.” Akaivuta shuka magotini. “Siku moja alinisalimia kwa lugha yetu. Alikuwa amejifunza peke yake, sijui wapi. Alisema vizuri sana. Niliona aibu, nikatoka nje, nikakaa nyuma ya msikiti mpaka adhuhuri. Sikurudi nikamjibu.” Mkono wake ulinitafuta juu ya shuka, ukaushika wangu. “Watu humcheka. Wewe akikosea, usimcheke.”

Nilimwambia sitamcheka. Akanishukuru kwa adabu ile anayowawekea wageni, kisha akaniuliza kama nimeshakunywa chai.